Tunarusha ibada laivu kila Jumapili lakini mtu mpya haji, tunakosea wapi?

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni dada naongoza timu ya media kanisani kwetu, tupo kama washirika 120. Tangu mwaka jana tunarusha ibada laivu Facebook na YouTube, masaa matatu yote mwanzo mwisho, na kamera nzuri tumenunua. Ila watazamaji ni saba, wakizidi sana nane, na wengi nawajua kwa majina, ni wenzetu waliobaki nyumbani. Mchungaji anataka tuanze kulipia matangazo, wazee wa kanisa wanasema tuache tu maana ni hela zinapotea, vijana nao wanataka twende TikTok. Lengo letu lilikuwa kuwafikia watu wasiokuja kanisani. Tunakosea wapi, na tuanzie wapi?

JIBU: Asifiwe sana dada. Swali lako nimelirudia mara mbili maana kuna maneno umeyapitia haraka haraka ila ndo yamebeba kila kitu, umesema hao watazamaji wengi unawajua kwa majina. Basi laivu yenu haina shida, shida ni jina mliloipa. Mnachofanya kila Jumapili ni kumpelekea ibada mgonjwa aliyelala, mama aliyejifungua juzi, mzee ambaye ngazi zimemshinda, mshirika aliyepangiwa zamu kazini. Hiyo ni huduma na usiruhusu mtu aidharau, watu saba ambao wangekosa ibada kabisa siyo wachache. Ila siyo uinjilisti. Ni kama mmefungua madirisha ya kanisa sauti itoke nje, afu kwenye ripoti mkaandika tulienda kuhubiri mtaani.

Fanya hivi kabla hamjatumia hata senti moja nyingine. Tafuta mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenu, mpe simu afungue laivu ya Jumapili iliyopita, usimwelekeze sehemu ya kuanzia, we kaa kimya umwangalie uso. Mi nimelifanya hili na makanisa kadhaa na huwa linaumiza. Kichwa cha video kimeandikwa IBADA YA PILI LAIVU. Dakika ya kwanza kamera inatazama mimbari tupu, kijana anapita mbele kabeba waya, maiki inapiga ule mlio wa kutoboa masikio, afu anakuja ndugu anatangaza kwamba mazoezi ya kwaya yamesogezwa mpaka Jumatano. Huyo mtu atakuwa ameshatoka. Na hajamkataa Yesu hapo, hata kumsikia hajafika.

Sasa nikuulize, unamkumbuka yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8? Yule jamaa alikuwa na maandiko tayari, amekaa garini anasoma Isaya kwa sauti, yaani kwa lugha ya leo kontenti anayo mkononi. Filipo anamuuliza unaelewa unachosoma, naye anajibu nitaelewaje mtu asiponiongoza. Kilichokosekana pale kilikuwa mtu wa kupanda gari akae naye. Na mi miaka yote niliyofanya kazi hii ya kuyasaidia makanisa mitandaoni nimerudi hapo hapo kila mara: watu wengi wanaotafuta Mungu kwenye simu wameshazungukwa na mahubiri, wahubiri wakubwa wa dunia wote wapo YouTube bure, kanisa la watu 120 haliwezi kushindana nao kwa picha wala taa. Ila wale wakubwa hawawezi kumjibu mtu meseji saa tano usiku. Nyie mnaweza. Kwahiyo kwangu mimi uinjilisti wa mitandaoni kwa kanisa kama lenu ni kazi ya inboksi, na video ni ya kumfanya mtu athubutu kuandika hiyo meseji.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kuna kanisa nilikuwa nalisimamia kurasa zake, silitaji maana kosa lilikuwa langu, klipu yetu moja ya dakika moja ikasambaa kuliko tulivyozoea, tukafurahi, tukatuma picha ya takwimu kwenye grupu la viongozi, mchungaji akashukuru kwa vigelegele. Wiki karibu tatu baadaye ndo nikafungua inboksi ya ule ukurasa kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta meseji zaidi ya arobaini hazijafunguliwa. Nyingi zilikuwa za kawaida, salamu, watu wanaomba namba ya mchungaji, matapeli. Ila moja ilitumwa saa tisa usiku, imeandikwa hivi: "Samahani nauliza, hapo kwenu mtu aliyewahi kutoa mimba anaruhusiwa kuingia?" Basi, sentensi moja. Ilikuwa na siku 19. Nikajibu nikijikunja kwa aibu, nikaandika vizuri tu, nikasubiri. Mpaka leo haijaonyesha kwamba imesomwa. Tangu siku hiyo kanisa likiniambia linataka kuanza media huwa siulizi mna kamera gani, nauliza nani anajibu.

Kwahiyo anzia hapo dada. Weka watu wawili mpaka wanne wenye zamu ya kujibu, na wasiwe hao hao mafundi wa kamera, maana fundi anawaza mwanga na sauti. Tafuta mama fulani mtulivu ambaye watu humfuata wakiwa na shida, tafuta ndugu mmoja asiye na papara, hata kama hajui kuposti kitu mfundishe kufungua meseji tu, hiyo haichukui nusu saa. Mwanamke amjibu mwanamke, mwanaume amjibu mwanaume pale inapowezekana, na inboksi iwe ile ya ukurasa ambayo viongozi wawili wanaweza kuiona, siyo mtu kuhamisha mazungumzo kwenda kwenye simu yake binafsi usiku. Hilo najua linaonekana kama kutokuaminiana ila linamlinda anayeandika na linamlinda pia anayejibu. Afu pangeni muda, mfano tunajibu mpaka saa nne usiku, na nje ya hapo weka lile jibu la kujiendesha lenye ukweli: "Tumeipata meseji yako, ndugu yetu ataisoma asubuhi na kukujibu." Kama mtu kaandika anataka kujidhuru, hiyo haisubiri zamu, wajibuji wote wawe na namba za huduma ya dharura ya eneo lenu pamoja na namba ya mtu mzima wa kanisa wa kumpigia hapo hapo, na wajue kwamba kazi yao ni kukaa na huyo mtu kwenye laini mpaka apate msaada wa karibu, siyo kumtumia mistari mitano na kulala.

Na kujibu kwenyewe kuna namna. Nikuonyeshe. Mtu anaandika: "Habari, mnaombea watu?" Jibu ninaloliona kwenye kurasa nyingi ni hili: "AMINA MTUMISHI UBARIKIWE SANA KARIBU IBADA ZETU JUMAPILI SAA TATU. UNAWEZA PIA KUTUMA SADAKA YAKO KUPITIA..." Hapo umemfukuza, kaja na mzigo umempa bango la matangazo, na ukataja hela kabla hujamuuliza jina. Sasa jaribu hivi: "Nzuri, karibu. Ndiyo tunaomba na watu. Mi naitwa fulani, nipo hapa kanisani. Ungependa tukuombee kuhusu nini? Kama ni kitu kizito huna haja ya kueleza yote." Afu subiri. Anaweza kukaa siku mbili hajajibu, usimtumie alama za kuuliza. Akieleza, andika sala fupi ya mistari mitatu ile ile kwenye meseji, siyo "tutakuombea" tu, maana tutakuombea kila mtu anajua ni namna ya kuagana. Nimeona watu wanazitunza zile sala kwenye simu miezi. Wiki ikipita muulize anaendeleaje. Hiyo meseji ya pili ndo inayoshangaza watu, hawategemei kwamba mtu wa mtandaoni anakumbuka.

Haya, tuje kwenye kuposti, maana bila hicho inboksi itakaa tupu. Hapa geuza swali. Msijiulize sisi tuna nini cha kurusha, jiulizeni yule mtu saa sita usiku anaandika nini pale pa kutafutia. Haandiki "mahubiri ya Jumapili". Anaandika je Mungu anasamehe uzinzi, jinsi ya kuomba kama hujui kuomba, kwanini mtoto wangu alikufa, nimeacha kanisa nawezaje kurudi, mume wangu ananipiga na mchungaji anasema nivumilie. Hilo la mwisho ni zito na msiliguse kama hamjajiandaa kulijibu kwa ukweli, ila watu wanaliandika. Mkalishe mchungaji kwenye kiti cha kawaida pembeni ya dirisha, mwanga umpige usoni usimpige mgongoni, muulize swali moja, ajibu kwa dakika moja au moja na nusu kama anavyomjibu mtu ofisini kwake. Asihubiri. Wachungaji wengi wakiona kamera wanapandisha sauti kama wapo mbele ya watu elfu, we mwambie anaongea na mtu mmoja aliyekaa umbali wa hatua mbili. Kwa saa moja mnaweza kurekodi majibu manane, hayo ni ya wiki nne kama mnatoa mawili kwa wiki.

Swali lenyewe liwe ndo kichwa cha video na liwe ndo maneno ya kwanza kutoka mdomoni. Hakuna "Bwana asifiwe wapendwa watazamaji wetu popote mlipo", hakuna nembo inayozunguka sekunde sita. Andika maneno yote chini ya video maana wengi wanaangalia simu ikiwa imezimwa sauti, wapo kwenye gari au kitandani na wenzao wamelala. Programu nyingi za kuediti saa hizi zinaandika zenyewe kwa sauti iliyorekodiwa, ila pitia neno kwa neno, kwa Kiswahili bado zinakosea, nimewahi kuona Roho imeandikwa robo. Mwishoni mchungaji aseme kitu kimoja tu: kama hili ni lako, tuandikie hapa, kuna mtu atakujibu.

Kuhusu vifaa nitapita haraka maana huko ndo watu wanapenda kupotelea. Sauti kwanza. Mtu anavumilia picha mbaya, sauti mbaya haivumilii hata sekunde kumi. Maiki ndogo ya kubana shatini na simu yoyote nzuri inatosha kwa zile klipu, hiyo kamera yenu iacheni kwa ajili ya ibada. Kwenye laivu chukueni sauti kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, badala ya kutegemea maiki ya kamera iliyo nyuma ya ukumbi, ila mikisa peke yake inaleta mchungaji akihubiri kama yupo ndani ya pipa tupu, waumini hawasikiki hata kidogo, kwahiyo ongeza maiki moja ya kuchukua sauti ya ukumbi kwa chini. Na muwahurumie watu bando. Mkirusha kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, masaa yenu matatu ni karibu GB 3.4, kwenu kupandisha na kwa kila anayeangalia mwanzo mwisho kwa ubora huo huo. Mahubiri ya nusu saa yakiwa sauti tupu ya kilobiti 32 ni kama MB 7 tu, hayo unayatuma WhatsApp na bibi yake na mtu anayasikiliza akiwa anapika. Kwa hao washirika wenu walio nyumbani mi ningetuma hivyo Jumapili mchana, na laivu ningeifupisha iwe neno na maombi.

Jambo lingine kuhusu laivu, tangu Februari 2025 Facebook inazihifadhi laivu mpya siku 30 tu afu inazifuta, kwahiyo kama mlikuwa mnategemea ukurasa uwe ghala lenu la mahubiri, anzeni kuzipakua na kuzitunza kwenu. Usije ukatafuta ibada ya mazishi ya mzee fulani miezi sita baadaye familia inaililia ukakuta hewa.

Kabla hata ya TikTok, kuna kitu hakina mbwembwe ila kinaleta watu mlangoni kuliko vyote: ule wasifu wa kanisa kwenye ramani za Google. Ni bure. Mtu aliyehamia eneo jipya, au aliyeamka Jumapili akasema leo naenda kanisani baada ya miaka kumi, anaandika kanisa karibu na mimi. Anaona saa za ibada, picha, njia, namba ya simu. Hakikisheni pini ipo mlangoni na siyo kwenye uwanja wa nyuma, saa za ibada ziwe za kweli, namba iwe inapokelewa, na picha ziwe za watu wenu wa kawaida wamevaa kawaida, maana anayesita huwa anajiuliza nitavaa nini, nitakaa wapi, watanisimamisha mbele nijitambulishe? Rekodini video ya sekunde arobaini mtu anatembea kutoka barabarani mpaka kwenye kiti anaonyesha hapa ndo unaingilia, watoto wanaenda huku, choo kile pale, na hatumsimamishi mgeni kama hataki. Hiyo video haitasambaa. Wanaoihitaji wataiona na inatosha.

Sasa mchungaji na matangazo ya kulipia. Mwambie kwa heshima, bado. Kulipia ni kumwaga maji zaidi kwenye ndoo, kwanza tuzibe tundu. Mkishakuwa na watu wa kujibu na klipu tano sita ambazo zenyewe tu zimeanza kuleta meseji, chukueni ile iliyoleta meseji nyingi, siyo iliyotazamwa zaidi, mlipie kidogo ionekane kwa watu waliopo kilomita chache kuzunguka kanisa. Eneo ndo chujio lenu kubwa. Wengine watakuambia utachagua watu kwa dini zao, hapana, Meta, wenye Facebook, waliondoa vile vipengele vya kulenga matangazo kwa imani ya mtu tangu Januari 2022, na kwa maoni yangu walifanya vizuri. Na tangazo lisiwe "njoo uone miujiza". Liwe lile swali na jibu lake.

Wazee wa kanisa wanaosema muache, usibishane nao kwa maneno ya kisasa, wapelekee mambo wanayoyajua. Paulo kwenye Wakolosai 4:16 anaagiza waraka ukishasomwa kwao upelekwe usomwe na kwa Walaodikia, hiyo si ndo kufowadi? Januari 2, 1921 kituo cha redio cha KDKA kule Pittsburgh Marekani kilirusha ibada kutoka kanisa la Calvary, na inasimuliwa mafundi mitambo walivalishwa majoho ya kwaya ili waumini wasishtuke kuona watu wa waya kanisani. Yaani ule wasiwasi wa wazee wenu una miaka zaidi ya mia. Ila pia wasikilize, maana wana hoja ndani yake. Yohana kwenye waraka wake wa pili mstari wa 12 anasema ana mengi ya kuandika ila hataki kuyamalizia kwenye karatasi na wino, anatarajia kuja waonane uso kwa uso. Aliandika, na bado alijua maandishi hayafiki mwisho wa safari. Wazee wakiogopa kwamba simu itachukua nafasi ya ushirika wanaogopa kitu cha kweli. Wape kazi basi: mtu wa inboksi akisema Jumapili nakuja, mzee mmoja ndo amsubiri getini kwa jina lake. Nimeona wazee wagumu kabisa wakilainika kwa hilo, mwezi wa pili wenyewe wanauliza wiki hii anakuja nani.

Vijana na TikTok waruhusu, lakini na zile zile klipu za maswali, siyo kucheza cheza ili kanisa lionekane la kisasa, watu wananusa hilo kwa mbali. Wajue pia laivu ya TikTok kwa kawaida inadai wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18, kwahiyo mwanzoni ni video fupi tu. YouTube nako laivu ya kwenye simu inataka wafuasi 50. Na wasidanganyike na namba, tangu Machi 31, 2025 YouTube inahesabu mtazamo wa Shorts, zile video zake fupi, kila video inapoanza kucheza, hata kama mtu kapitisha kidole tu. Mitazamo elfu tatu inaweza kuwa vidole elfu tatu.

Muziki utawaletea kesi. Zile mashine za YouTube na Facebook zinatambua wimbo hata kwaya yenu ikiwa inauimba juu ya biti ya mtu, na ruhusa ya kuimba wimbo ndani ya ibada siyo ruhusa ya kuurusha mtandaoni. Mara nyingi matangazo yatawekwa juu ya video yenu hela iende kwa mwenye wimbo, au sauti ikatwe katikati ya sifa, na mkipigwa onyo rasmi la hakimiliki YouTube linakaa siku 90, matatu kwa pamoja chaneli inaondoka. Tumieni nyimbo zenu, tenzi za zamani zilizotoka kwenye hakimiliki mkipiga vyombo wenyewe, au mkate leseni ya kurushia.

Usalama. Ukurasa uwe na admini wasiopungua wawili na uthibitisho wa hatua mbili, nimeshaona kanisa limepoteza ukurasa wa miaka minane kwa sababu aliyeufungua aligombana na uongozi akaondoka nao. Ikija meseji inasema ukurasa wenu umevunja sheria bonyeza hapa usifungwe, huyo ni mwizi. Afu mchungaji wenu akishajulikana kidogo tu, kuna mtu atafungua akaunti yenye picha yake aanze kuwaandikia watu kwamba ana neno lao la kinabii ila kuna sadaka ya kufungulia. Itakuja, siyo labda. Wekeni bango juu ya ukurasa tangu sasa kwamba mchungaji haombi hela inboksi, na mtu akiuliza namba ya sadaka apewe ile ya kanisa iliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe.

Na hili nakuomba kama dada yangu. Watoto wa shule ya Jumapili msiwaposti bila wazazi kukubali, na jina pamoja na sura visikae sehemu moja. Ushuhuda wa mtu aliyetoka kwenye pombe au ndoa iliyovunjika, subirini, mtu akiwa na furaha ya wiki ya kwanza atakubali kurekodiwa chochote, mwaka ukipita anaomba kazi na ile video ndo ya kwanza kutokea jina lake likitafutwa. Mgonjwa aliyeombewa akidondoka msimrushe. Na kuna watu ambao picha ya ubatizo wao ikionekana nyumbani inawaletea kipigo au kufukuzwa, muulize kila mtu kabla ya maji, siyo baada. Mahitaji ya maombi yanayokuja inboksi yasihamie kwenye grupu la WhatsApp la waombaji yakiwa na jina. Tunasema ni la waombaji ila lina watu 200 na mmoja wao ni shemeji yake.

Hizi akili mnemba nazo, zitumie kuandika maneno ya video, kupunguza kelele kwenye sauti, kukusaidia kupata vichwa kumi ukachagua kimoja, ila mistari ya Biblia zinayotoa ifungue kwenye Biblia yenyewe maana huwa zinatunga aya kwa ujasiri wote. Kujibu inboksi msizipe. Yule mtu wa saa tisa usiku akija kugundua aliyemliwaza alikuwa mashine hatarudi, na mi simlaumu.

Cha kuhesabu basi ni nini? Daftari moja, kurasa za mwezi: wangapi wameandika, wangapi tuliongea nao zaidi ya mara moja, wangapi walikuja, wangapi walirudi mara ya pili. Msipeleke kwa mchungaji kitu kingine. Mwezi wa kwanza inaweza kusomeka sita, watatu, mmoja, hakuna, na mtajisikia vibaya, endeleeni miezi sita bila kubadilisha mpango kila wiki. Wengine watakuwa mbali hawawezi kuja kwenu kabisa, hao watafutieni kanisa zuri la karibu nao hata kama siyo la dhehebu lenu, mpigieni mchungaji wa huko mwambieni kuna mtu anakuja. Najua baadhi ya viongozi hapo watakunja sura.

Hayo mengine pangeni taratibu ila hili fanya leo kabla hujalala: fungua inboksi ya ukurasa wenu wa Facebook, na usiishie pale mbele, ingia mpaka ule upande wa maombi ya ujumbe na wa taka, huwa meseji za watu msiowajua zinatupwa huko. Kwa mwaka mzima wa kurusha sitashangaa ukikuta kuna mtu aliwaandikia. Kama ipo ya zamani sana jibu tu, anza kwa kuomba radhi kwamba mmechelewa, uliza anaendeleaje, afu niandikie uniambie ulichokuta.